Bando lipo, ila kurasa hazifunguki
Wadau, juzi hapa Mahongole nusura nikose oda ya magunia ya viazi. Meseji za WhatsApp zinaingia, ila ukurasa wangu wa oda umegoma, simu na kompyuta zote. Nikadhani bando limeisha, nikanunua jingine. Hela imeenda bure!

Kwenye kompyuta nikaandika ping 8.8.8.8, majibu yakaja. Nikaweka jina la tovuti, kimya. Kumbe ni DNS: ruta hupokea jina na kulipeleka kwa seva inayolitafutia namba, na seva ile ilikuwa haijibu.

Nikafungua mipangilio ya ruta (yangu ni 192.168.1.1), nikafuta DNS ya zamani, nikaweka 8.8.8.8 na 1.1.1.1, nikaizima na kuiwasha. Ukurasa ukafunguka. Mteja wa Dar alikuwa bado ananisubiri.