Mahekalu ya Isan: nchi iliyoipa Angkor wafalme

Angkor Wat haihitaji kutambulishwa. Minara yake imechorwa kwenye bendera ya Kambodia, na watalii kutoka kila pembe ya dunia humiminika Siem Reap kuiona. Lisilojulikana na wengi ni kwamba Suryavarman II, mfalme wa Wakhmer aliyeijenga katika karne ya 12, alitoka katika ukoo wa Mahidharapura, ambao chimbuko lake lilikuwa kaskazini ya milima ya Dangrek, katika bonde la mto Mun.

Leo bonde hilo limo ndani ya Thailand, katika ukanda wa kaskazini-mashariki unaoitwa Isan. Ni nchi ya wakulima wa mpunga, na kwa miongo mingi vijana wake wamekuwa wakiondoka kwenda Bangkok kutafuta riziki. Wakazi wa mji mkuu wameizoea kama mashamba ya mbali, mahali pa kutoa vibarua na mchele. Lakini katika mikoa ya Nakhon Ratchasima, Buriram, Surin na Sisaket, katikati ya majaruba ya mpunga, yamesimama mahekalu ya mawe yanayoeleza habari nyingine kabisa. Miaka 900 iliyopita, hapa hapakuwa pembezoni. Hapa ndipo walipotoka watawala.

Ardhi ngumu, akili nyingi

Ili kuyaelewa mahekalu haya, anza na ardhi yenyewe. Isan imekaa juu ya uwanda wa Khorat, ambao upande wa kusini unakomea kwenye ukingo wa milima ya Dangrek. Ukitokea Thailand, nchi inapanda polepole kuelekea kusini, kisha ghafla inakatika kwa majabali yanayoshuka hadi tambarare za Kambodia. Maji ya upande wa Thailand hukusanywa na mto Mun, unaotiririka kuelekea mashariki hadi kumwaga katika Mekong.

Udongo wa uwanda huu ni wa kichanga na haushiki maji. Chini yake kuna matabaka mazito ya chumvi ya mawe, na kiangazi kikikolea, chumvi hupanda juu na kuonekana kama vumbi jeupe kwenye mashamba. Tangu kale wenyeji walikwangua udongo huo, wakauchuja kwa maji, wakachemsha na kupata chumvi ya kula na ya kuhifadhia samaki. Mvua za masika huleta mafuriko. Zikikatika, kuanzia Novemba hadi Aprili, ardhi hukauka na kupasuka.

Anayeishi katika nchi kama hii hana budi kujifunza kuyatawala maji. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi karibu na Phimai, mathalani katika kijiji cha Ban Non Wat, wamekuta kwamba wakulima wa enzi ya chuma walizungushia vijiji vyao mahandaki ya maji karne nyingi kabla ya hekalu la kwanza la mawe kusimama. Wajenzi wa mahekalu walikuta jamii iliyokwisha kujua kuchimba, kukinga na kugawa maji.

Kilima cha Phanom Rung

Katika wilaya ya Chaloem Phra Kiat, mkoani Buriram, kuna kilima kinachoonekana kutoka mbali kwa sababu nchi yote inayokizunguka ni tambarare. Ni volkano iliyozimika, mojawapo ya kadhaa za mkoa huo, na kilele chake kina kimo cha mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu yake limejengwa hekalu la Phanom Rung kwa ajili ya mungu Shiva, ambaye Wahindu wanaamini makao yake ni mlima Kailash. Ujenzi ulianza karne ya 10 na kuendelea hadi ya 13, lakini mnara mkuu ni wa karne ya 12.

Huwezi kulifikia hekalu hili bila kuandaliwa. Kwanza unapita kwenye njia ya mawe yenye urefu wa mita 160, iliyopangwa nguzo fupi kila upande, kila nguzo ikiwa imechongwa kichwa chenye umbo la tumba la yungiyungi. Kisha unavuka daraja linalolindwa na naga, nyoka wa vichwa vitano, anayehesabiwa kuwa mlinzi wa maji na kiungo kati ya dunia ya watu na ya miungu. Ndipo zinapoanza ngazi ndefu. Ukifika juu umetweta, na mbele yako kuna mnara wa mawe ya mchanga yenye rangi ya waridi, uliochongwa kuanzia chini hadi juu.

Tunajua aliyehusika na kazi hii. Aliitwa Narendraditya, mkuu wa ukoo wa Mahidharapura na ndugu wa Suryavarman II. Alipigana vita kwa ajili ya mfalme, kisha akaacha silaha na kuingia katika maisha ya utawa hapo kilimani. Mwanawe, Hiranya, aliamuru habari za baba yake zichongwe kwa Kisanskriti juu ya jiwe mwaka 1150. Hivyo mtu wa mkoani, ambaye hakuwahi kuwa mfalme, ana wasifu wake kwenye jiwe, na jina lake linasomeka mpaka leo.

Hesabu za wajenzi zilikuwa kali. Milango 15 ya hekalu imepangwa katika mstari mmoja kutoka mashariki hadi magharibi. Mwanzoni mwa Aprili na tena katika wiki ya pili ya Septemba, jua likichomoza huipenya milango yote 15 kwa mara moja. Mwezi Machi na Oktoba hufanya vivyo hivyo likitua. Kila Aprili wenyeji hufanya sherehe kubwa ya kupanda kilima, na maelfu ya watu hukusanyika kabla ya mapambazuko.

Bwawa la chini

Kilomita zisizozidi 10 kutoka hapo, katika wilaya ya Prakhon Chai, liko hekalu la Muang Tam, la zamani kidogo kuliko mnara mkuu wa Phanom Rung. Jina lake maana yake ni mji wa chini, na kweli lipo bondeni. Lilikuwa na minara 5 ya matofali, na mkubwa kati yao umebaki msingi tu. Ila uzuri wa Muang Tam uko kwenye maji yake. Ndani ya ukuta kuna mabwawa 4, kila moja likikunja kona ya uwanja, na kingo zake ni miili ya naga waliolala na kuinua vichwa penye pembe.

Nje ya hekalu, upande wa kaskazini, kuna bwawa jingine lenye urefu unaozidi kilomita 1, ambalo wataalamu hulijua kwa jina la barai. Bwawa hilo bado lina maji, na wanakijiji wangali wakilitumia. Mwangalie mkulima anayepeleka ng'ombe kunywa hapo: anatumia kazi ya mikono ya watu wa karne ya 11. Sijui ushahidi mwingine wa ufundi unaoshinda huo.

Njia, mawe na wagonjwa

Mahekalu haya hayakusimama peke yake. Yaliunganishwa na barabara iliyotoka Angkor, ikapanda Dangrek kwenye kipito cha Ta Muen, ikapita mikoa ya leo ya Surin na Buriram hadi Phimai, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Jayavarman VII, aliyetawazwa mwaka 1181 na ambaye naye alikuwa wa ukoo wa Mahidharapura, aliiimarisha. Maandishi ya hekalu la Preah Khan kule Angkor yanataja nyumba 121 za kupumzikia wasafiri katika dola yake, 17 kati yao zikiwa kwenye njia ya Phimai. Maandishi mengine ya enzi yake yanataja hospitali 102.

Hospitali zenyewe zilikuwa za mbao na zimeoza zamani. Kilichobaki ni mahekalu yake madogo ya mawe mekundu ya lateraiti, ambamo aliheshimiwa Buddha wa uponyaji. Jingine la kupendeza ni nyumba ya wasafiri ya Ban Bu, karibu na Phanom Rung: magofu yake yamo ndani ya uwanja wa shule, na watoto hucheza kando ya kuta ambazo ziliwahi kuwasitiri mahujaji usiku.

Mawe nayo yalikuwa na kwao. Katika wilaya ya Ban Kruat, kusini mwa Buriram, kuna machimbo ambako hata sasa unaona mapande ya mawe ya mchanga yaliyokatwa nusu na kuachwa mwambani, pamoja na alama za patasi. Wilaya hiyohiyo ilikuwa na matanuri ya vyombo vya udongo vyenye rangi ya kahawia inayong'aa, pamoja na tanuri za kuyeyushia chuma.

Mwisho wa njia ni Phimai, hekalu kubwa kuliko yote ya Kikhmer yaliyomo Thailand. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 11, zama za Jayavarman VI, na mnara wake mweupe una kimo cha mita 28. Kwa nje limepambwa kwa visa vya Ramayana, lakini ndani ni nyumba ya Ubudha wa Mahayana. Halikuelekezwa mashariki kama desturi ilivyotaka, bali kusini-mashariki, upande iliko Angkor. Watafiti wengi wanaona kwamba umbo la mnara wake, kama tumba linalotaka kufumbua, liliwatangulia wajenzi wa Angkor Wat na kuwapa mfano. Ikiwa ndivyo, mji mkuu ndio uliojifunza kwa mkoa.

Mstari uliokuja baadaye

Nguvu ya Angkor ilipofifia na ufalme wa Kithai wa Ayutthaya kuuteka mji huo mwaka 1431, barabara ilimezwa na msitu. Watu hawakuondoka wote. Mpaka leo zaidi ya watu milioni 1 wa Surin, Buriram na Sisaket huzungumza Kikhmer, lugha ya Kambodia, majumbani mwao. Wakuy, mabingwa wa kunasa na kufuga tembo, wanaishi nao, pamoja na wasemaji wa Kilao walioingia baadaye kutoka upande wa Mekong.

Mpaka wa sasa ni mtoto wa mapatano ya mwaka 1904 na 1907 kati ya Siam, jina la zamani la Thailand, na Ufaransa, iliyokuwa ikiitawala Kambodia. Kabla ya 1907, Angkor yenyewe ilikuwa chini ya Siam. Mapatano hayo yaliugeuza ukingo wa Dangrek kuwa ukuta kati ya nchi mbili, na mahekalu yaliyojengwa ili kuunganisha watu yakajikuta yamekaa juu ya mstari wa kuwatenganisha. Hekalu la Preah Vihear, lililo ukingoni mwa jabali na ambalo njia yake ya asili inapandia upande wa Sisaket, lilifikishwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo mwaka 1962 iliamua kuwa ni la Kambodia. Hilo halikumaliza ugomvi. Julai 2025 majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana kwa siku 5, na risasi za kwanza zililia karibu na Ta Muen Thom, hekalu la kipito kilekile cha barabara ya kale. Desemba vita vikarudi. Mamia ya maelfu ya wanavijiji wa pande zote mbili, wengi wao wakizungumza lugha moja, walikimbia nyumba na mashamba yao.

Jiwe lina kwao

Kuna adui mwingine aliyekuja kimyakimya: mwizi wa mambo ya kale. Juu ya mlango wa mashariki wa Phanom Rung, pale ambapo fundi wa leo angefunga lenta, kuna jiwe lililochongwa mungu Vishnu amelala juu ya joka la bahari, ua la yungiyungi likichipuka kutoka kitovuni mwake na kumbeba mungu Brahma. Jiwe hilo liliibwa katika miaka ya 1960. Mwaka 1973 msomi wa Kithai, Mwanamfalme Subhadradis Diskul, alilitambua likiwa kwenye maonyesho katika jumba la sanaa la Chicago.

Wakati huohuo, Idara ya Sanaa ya Thailand ilikuwa ikilifufua hekalu. Kazi ilichukua miaka 17: kila jiwe lilipewa namba, likashushwa, msingi ukaimarishwa, kisha likarudishwa mahali pake. Hekalu lilipofunguliwa rasmi Mei 1988, pengo juu ya mlango lilimkera kila Mthai. Watu waliandamana, magazeti yaliandika, na bendi ya Carabao ikatoa wimbo. Novemba mwaka huo jiwe lilirudi.

Tangu hapo mengine yamefuata. Mwaka 2021 San Francisco ilirudisha mawe mawili ya juu ya milango, moja la Buriram na jingine la mkoa wa Sa Kaeo. Mwaka 2024 jumba la Metropolitan la New York lilirudisha sanamu mbili za shaba, moja ikiwa ndefu, iliyopakwa dhahabu, ambayo Wathai wanaihusisha na kijiji kimoja cha wilaya ya Lahan Sai, kusini mwa Buriram. Hata hivyo, sanamu nyingi zilizochimbwa kwa siri mwaka 1964 katika kilima cha Plai Bat, mkoani humohumo, zimetawanyika katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri, mbali na nchi zilikofinyangwa.

Naamini somo la Isan liko hapo. Sanamu ya Lahan Sai ikiwa New York ni kitu kizuri cha kutazamwa; ikirudi kwao ni ushahidi kwamba wilaya ile iliwahi kuwa na mafundi, matajiri na ibada yake. Bwawa la Muang Tam bila wakulima wake ni shimo la maji tu. Thailand imeziweka Phimai, Phanom Rung na Muang Tam kwenye orodha ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na inastahili kuungwa mkono. Lakini cheti hicho kitakuwa na maana ikiwa mtoto wa Surin anayezungumza Kikhmer atafundishwa darasani kwamba waliochonga mawe hayo ni wazee wake, na ikiwa serikali mbili zitakubali kuitunza barabara ya Angkor na Phimai kama urithi mmoja. Wanavijiji wa pande zote za Dangrek wamelipa gharama ya mstari ule wa 1907 kwa muda mrefu mno. Wanastahili kunufaika na kile kilichokuwepo kabla yake.