Tope la Vigae Lisirudi Kuwa Vumbi

Katika majengo yanayoinuka Tororo, na Busia pande zote mbili za mpaka, mafundi wengi hukata vigae kwa grainda kavu. Wenye nyumba husema mashine ya maji inachafua. Sisi chamani twajibu: uchafu wa maji hufutika, bali vumbi likifika mapafuni halitoki.

Kigae kina silika. Chembe zake hazionekani kwa macho. Mtu akizivuta miaka mingi hupata makovu mapafuni, ndio ugonjwa wa silikosisi, usio na dawa ya kuuponya. Silika huleta pia saratani ya mapafu. Kitambaa puani hakiwezi kuzuia chembe hizo.

Basi hatuna budi kuitumia mashine ya maji barabara.

Kwanza, maji. Diski iloe wakati wote. Ukiona vumbi, simama uongeze maji.

Pili, umeme. Plagi isilale sakafuni. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke yasiifikie. Chomoa plagi kabla ya kugusa diski.

Tatu, mahali. Kata nje ikiwezekana. Kama ni ndani, tandika turubai na kuinua kingo zake.

Nne, tope. Hapa ndipo kinga yote hupotea, kwa kuwa tope likikauka hurudi kuwa vumbi lile lile. Lifute lingali bichi, usilifagie kavu. Maji machafu yatulie ndooni usiku kucha. Asubuhi yamwage yaliyo juu kwenye udongo, mbali na kisima, na tope litie guniani. Usilimwage mtaroni, litaganda na kuziba.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya Uganda ya 2006 na ya Kenya ya 2007, zamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Fundi wa Tororo anayevuka kufanya kazi Busia ya Kenya hulindwa na sheria ya Kenya akiwa kazini huko. Na wa Kenya akivuka, hali kadhalika.

Mnapopatana bei, hesabuni na saa ya kusafisha. Kusafisha ni kazi, na kazi hulipwa. Msimamizi akikataa, msigombane naye mmoja mmoja. Leteni habari chamani tukaseme pamoja.