Je, Wajua? Kibuyu Kilivuka Bahari Bila Nahodha

Mwaka 1938, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango lililo kando ya Mto Njoro, kwenye miteremko ya Mau, si mbali na mji wa Nakuru. Humo walikuta masalio ya watu wengi waliochomwa moto baada ya kufa, na pembeni yao mabakuli ya mawe, michi, shanga na mabaki ya kibuyu. Jambo hilo la mwisho si la kawaida. Kibuyu kikifukiwa ardhini huoza na kupotea kama ganda lolote la tunda. Hiki kiliokolewa na moto wa mazishi, kwa kuwa ulikigeuza mkaa, na mkaa hauozi. Waliozikwa humo walikuwa wafugaji walioishi miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Wanaakiolojia wameupa utamaduni wao jina la Elmenteita, ziwa lililo mwendo mfupi kutoka hapo.

Ndani ya kibuyu chao mlikuwa na nini? Pango halikujibu. Hata hivyo, mwaka 2020 watafiti waliopima mafuta yaliyonasa katika vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale, huku Kenya na Tanzania, waligundua mabaki ya maziwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba hadi leo, katika nyanda hizohizo, kibuyu na maziwa havijaachana.

Mmea wenyewe ni wa ukoo mmoja na boga, tango na tikiti. Hutambaa au hupanda ua, na maua yake meupe hufunguka jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi mzingani, ili yahudumiwe na nondo wa usiku. Tunda changa la aina isiyo chungu huliwa kama mboga. Likiachwa likomae, nyama yake hukauka na ganda lake hugeuka gumu kama ubao, jepesi, lisilovuja. Mkulima anayetaka shingo nyembamba hulifunga kamba lingali changa, na anayetaka mpini uliopinda hulilaza chini likajipinda lenyewe. Ni vyombo vichache mno duniani vinavyofinyangwa vikiwa bado shambani.

Katika nyumba za Wakalenjin wa Molo, Kuresoi na Rongai, kibuyu cha maziwa huitwa sotet, na kinachotoka humo ni mursik. Kazi huanza na usafi. Kibuyu husuguliwa ndani kwa sosiot, ufito maalumu wa kusafishia, kisha hukaushwa. Baadaye huletwa kijinga cha moto cha senetwet, kichaka chenye maua ya manjano na vichwa vyeusi ambacho majani yake, ukiyafikicha, hunukia karanga. Kijinga hutumbukizwa ndani na kupondwapondwa kwenye kuta mpaka ziwe nyeusi kote. Masazo ya mkaa humwagwa. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa ndiyo hutiwa sasa (wako wanaotumia mabichi), kifuniko hubanwa, na kibuyu huwekwa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa, hata majuma. Kabla ya kumimina hutikiswa vizuri. Mursik iliyotengenezwa sawasawa ni nzito, ina mistari ya rangi ya majivu inayoelekea ubuluu, na uchachu wake huandamana na harufu ya moshi. Mwenzi wake ni ugali wa wimbi.

Mtu anaweza kudhani kibuyu hapo kimekaa tu kama sufuria. La hasha. Ganda lake lina vitundu vidogo sana, na ndani ya vitundu hivyo hubaki bakteria wa maziwa ya juzi. Maziwa mapya yakiingia, wale wakazi wa zamani huanza kula sukari ya maziwa, yaani laktosi, na kuigeuza asidi. Asidi ikizidi, protini za maziwa hugandamana, na vijidudu vingi vya maradhi hushindwa kustawi. Ndiyo maana kibuyu kipya huchukua muda kuzoea kazi, na mama mwenye kibuyu kizuri hakiazimi ovyo.

Mwaka 2004 jopo la watafiti lilichapisha uchunguzi wa kule naoto, maziwa ya kuchachuka ya Wamaasai, ndugu wa karibu wa mursik. Bakteria waliotawala humo walikuwa wa jamii ya Lactobacillus, na aliyewazidi wote ni plantarum, yuleyule anayechachusha kabichi za Wajerumani na kimchi ya Wakorea. Wamaasai nao hufukiza vibuyu vyao, mara nyingi kwa mti wa oloirien, ambao ni mzeituni wa mwituni.

Uchachushaji huu una faida nyingine. Watu wazima wengi duniani hawawezi kusaga laktosi, na maziwa matamu huwavuruga tumbo. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walieleza mabadiliko ya jeni yaliyojitokeza Afrika Mashariki, mbali na yale ya Ulaya, ambayo humwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila taabu. Walikadiria kwamba yalianza kuenea ndani ya miaka 7,000 iliyopita. Asiyejaliwa jeni hiyo angeweza kutegemea kibuyu, maana sehemu ya laktosi huwa imekwisha kuliwa na bakteria kabla kinywaji hakijafika mdomoni.

Si maziwa peke yake. Wakikuyu, ambao ni wengi Nakuru, huhifadhi uji wa kuchachuka katika kinya, na pombe ya muratina, inayonywewa katika ruracio (sherehe ya mahari), huchachushwa kwa asali au miwa pamoja na tunda la mwegea lililokaushwa. Waogiek wa msitu wa Mau, huko Mariashoni, wamekuwa warina asali kwa vizazi na pombe yao ya asali ni ya zamani vilevile. Pombe hizi zimepitia misukosuko mingi ya sheria. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, hapohapo katika kaunti ya Nakuru, ndiyo iliyoweka masharti yanayojulikana leo.

Sasa twende Argentina. Kuna nini huko kinachomhusu mtu wa Njoro? Kinywaji kinachowaunganisha Waargentina ni mate, majani ya mti wa Ilex paraguariensis yanayolimwa hasa Misiones na Corrientes, yakitiwa maji moto. Mwaka 2013 sheria ilikitangaza kuwa kinywaji cha taifa. Hunywewa kwa mrija wa chuma uitwao bombilla, mtu mmoja akimimina na wengine wakipokezana chombo kilekile. Na chombo chenyewe ni kibuyu! Hata kibuyu kipya cha mate hakitumiki siku ya kwanza. Hujazwa majani yaliyolowa, hulazwa hivyo, kisha hukwaruzwa ndani mpaka kiive. Wakishamaliza mate, Waargentina huchoma nyama ya ng'ombe polepole juu ya makaa na kuiita asado, na hapo mpenzi wa nyama choma wa Nakuru hahitaji mkalimani.

Wataalamu walisumbuka kwa miaka mingi kueleza jinsi mmea wa kibuyu ulivyofika Amerika, ambako ulikuwa ukitumiwa miaka 10,000 hivi iliyopita, muda mrefu kabla ya jahazi wala merikebu kuvuka Atlantiki. Chimbuko la kibuyu ni Afrika, na jamaa zake wa mwituni wamepatikana Zimbabwe. Mwaka 1954 watafiti Thomas Whitaker na George Carter waliviacha vibuyu vielee katika maji ya chumvi kwa siku 224, na mbegu za ndani zikaota baadaye. Mwaka 2005 uchunguzi wa jeni ulidai kwamba vilipitia Asia, vikibebwa na watu. Dai hilo liliangushwa mwaka 2014, pale watafiti walipochambua jeni za vibuyu vya kale kwa upana zaidi na kuona kwamba vile vya Amerika ni wana wa Afrika. Vilichukuliwa na mikondo ya bahari, vikatupwa ufuoni, vikaota. Mwargentina anayefyonza mate yake amekamata tunda lenye asili ya bara hili.

Vinywaji hivi viwili, mursik na mate, vimewahi kushtakiwa kwa kosa moja pia, saratani ya umio. Maeneo ya magharibi mwa Bonde la Ufa, Bomet hasa, yana wagonjwa wengi wa maradhi hayo. Mwaka 2013 utafiti ulionyesha kwamba baadhi ya sampuli za mursik zilikuwa na kileo pamoja na asetaldehaidi, kemikali inayoweza kudhuru chembe za mwili. Watafiti waliitaja kama sababu inayowezekana, hawakuihukumu. Mate nayo ilishukiwa tangu 1991. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilibadilisha shtaka: mate isiyo moto sana haikuwekwa kwenye orodha ya hatari, bali kinywaji chochote chenye joto la zaidi ya nyuzi 65 ndicho kilichotajwa kuwa huenda kinasababisha saratani. Chai yetu ya maziwa inayonywewa ikitoa mvuke inaweza kuingia katika kundi hilo, jambo ambalo hatulipendi kulisikia katika nchi ya majani chai.

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na mwaka huohuo UNESCO iliiingiza katika mtandao wake wa miji bunifu, upande wa kazi za mikono na sanaa za jadi. Vibuyu vilivyopambwa kwa shanga na kauri vinastahili sehemu ya sifa hiyo, ingawa vingi siku hizi huishia ukutani. Mursik inauzwa kwenye chupa za plastiki, na mara nyingi mkaa wake ni unga uliokorogwa ndani ya maziwa. Rangi huja na harufu huja, lakini plastiki laini haina vitundu vya kuwahifadhi bakteria wa jana.

Anayetaka kurudia njia ya zamani aanze na subira. Tunda liachwe kwenye mmea mpaka kikonyo kikauke kabisa, kwa maana likikatwa bichi hunywea na kuoza. Likishatobolewa mdomo, hujazwa maji ili nyama ya ndani ilainike na uchungu utoke, hukwanguliwa, na maji hubadilishwa tena na tena.