Kupunguza Gharama za Dawa za Presha

Dawa za shinikizo la damu la juu, ugonjwa ambao wengi huuita presha, hunywewa kila siku kwa miaka mingi, na mara nyingi kwa maisha yote. Ndiyo maana tofauti ndogo ya bei ya kidonge huwa kubwa mwaka unapokwisha. Kidonge cha shilingi 100 na kingine cha shilingi 500 vinapishana kwa shilingi 400 tu, ila kwa mtu anayemeza kimoja kila siku, kwa mwaka tofauti hiyo inafika shilingi 146,000. Sehemu kubwa ya fedha kama hizo haimnunulii mgonjwa nafuu yoyote. Huishia kwenye jina lililochapwa juu ya boksi, kwenye dawa za ziada ambazo hakuzihitaji, na kwenye kutibu madhara yaliyotokana na kuacha dawa.

Jina ndilo la kuanzia. Kila dawa ina majina mawili. La kwanza ni la kiini chake, yaani kile kinachoshusha presha, nalo ni moja karibu dunia nzima: amlodipini, losatani, enalaprili, hidroklorothiazidi. La pili ni la biashara, na kila kampuni hujichagulia lake. Amlodipini ilitengenezwa na kampuni ya Pfizer, ikaingia katika soko la Marekani mwaka 1992 kwa jina la Norvasc. Kampuni iliyogundua dawa hulindwa na hataza kwa muda maalumu, na katika muda huo hupanga bei karibu inavyotaka. Ulinzi huo ukiisha, kiwanda chochote kinachotimiza masharti kinaweza kutengeneza dawa ileile. Marekani, amlodipini ilifika hapo mwaka 2007. Losatani, ambayo kampuni ya Merck iliiuza kwa jina la Cozaar, ikafuata mwaka 2010. Leo viwanda vingi, hasa vya India, vinazitengeneza, na ushindani umezishusha bei. Hizi ndizo dawa za jeneriki.

Wapo wanaoamini kwamba dawa rahisi ni dawa dhaifu. Imani hiyo inawagharimu wengi bila sababu. Kabla dawa ya jeneriki haijakubalika kuwa sawa na ile ya awali, kwa kawaida watu wa kujitolea hupewa dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, kisha damu yao hupimwa ili kuona ni kiasi gani cha dawa kimeingia na kwa kasi gani. Kisichofanana hakipiti. Tanzania, usajili na ukaguzi wa dawa ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu. Kinachostahili kuogopwa ni dawa bandia na zilizo chini ya kiwango. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba iko katika kundi hilo. Kwa hiyo vidonge vya presha vinunuliwe kwenye famasi yenye kibali, vikiwa bado ndani ya pakiti yenye jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, wala si vilivyomiminwa kwenye bahasha isiyo na maandishi. Bei ya chini kupita kiasi kwa mchuuzi wa mtaani si nafuu.

Kulijua jina la kiini kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Mgonjwa anayehudhuria hospitali mbili huweza kuandikiwa losatani mara mbili, kila mahali kwa jina lake la biashara, akadhani ni dawa mbili tofauti. Analipa mara mbili na kumeza dozi mara mbili, na siku moja anasimama kutoka kitandani akaanguka kwa kizunguzungu. Maandishi madogo chini ya jina kubwa la boksi yangemwonya. Ni vema daktari aombwe aandike jina la dawa yenyewe kwenye cheti, na dirishani mgonjwa aulize hivi: “Naomba amlodipini ya miligramu 5. Mnazo za kampuni ngapi, na ipi ni ya bei ya chini?”

Baada ya jina huja uchaguzi wa dawa. Dawa mpya si lazima iwe bora. Utafiti mkubwa uitwao ALLHAT, uliofanyika hasa Marekani na kutangaza matokeo yake mwaka 2002, ulilinganisha dawa tatu kwa watu zaidi ya 33,000. Klorthalidoni, dawa ya zamani na ya bei ya chini ambayo huongeza mkojo, haikushindwa na amlodipini wala lisinoprili katika kuzuia mshtuko wa moyo. Karibu zaidi na nyumbani ni utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Amlodipini ikiunganishwa na hidroklorothiazidi ilishusha presha vizuri kuliko perindoprili na hidroklorothiazidi, na ilikwenda sawa na amlodipini na perindoprili. Kwa Mwafrika asiye na tatizo jingine, basi, dawa mbili za zamani na za bei nafuu ni tiba yenye ushahidi wa kutosha. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au moyo uliochoka anaweza kuhitaji dawa nyingine, na mjamzito hapaswi kabisa kutumia enalaprili, losatani na jamaa zake. Kubadilisha dawa ni kazi ya daktari. Kumwuliza kama ipo ya bei nafuu zaidi ni haki ya mgonjwa, na daktari mzuri haoni vibaya kuulizwa.

Hesabu ifanywe kwa mwezi, si kwa kidonge. Tuseme kidonge cha kaptoprili ni shilingi 60 na cha lisinoprili ni shilingi 100. Machoni kaptoprili ndiyo rahisi. Lakini kaptoprili humezwa mara mbili au tatu kwa siku, na lisinoprili mara moja. Kwa siku 30, ya kwanza ikimezwa mara tatu inafika shilingi 5,400, ya pili shilingi 3,000. Tena dozi ya mara tatu husahaulika kwa urahisi. Vivyo hivyo kwa kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake: Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge vya aina hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, kwa kuwa humsaidia mgonjwa asikatize dozi. Mahali pengine huuzwa bei ya chini kuliko dawa hizo mbili zikinunuliwa mbalimbali, mahali pengine huzidi. Hapo ni kulinganisha tu.

Kukata vidonge nako huokoa fedha, maana mara nyingi kidonge cha miligramu 10 hakiuzwi mara mbili ya bei ya kile cha miligramu 5. Njia hii inafaa kwa vidonge vyenye mstari katikati, na baada ya mfamasia kukubali. Vidonge vinavyoachilia dawa polepole, kama nifedipini ya kumeza mara moja kwa siku, visikatwe wala kusagwa, kwa sababu dawa ya siku nzima inaweza kuingia mwilini kwa mpigo na presha ikaporomoka.

Fedha nyingi hupotea mahali ambapo hakuna anayepatazama: dawa inayonunuliwa ili kutibu madhara ya dawa nyingine. Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma, hata miezi kadhaa baada ya kuanza. Mgonjwa haoni uhusiano. Ananunua dawa ya maji ya kikohozi, wiki inayofuata antibiotiki, kisha anapigwa picha ya kifua na kupimwa kifua kikuu. Kila senti imekwenda bure, kwa sababu mara nyingi kinachotakiwa ni daktari kuibadilisha dawa hiyo kwa losatani, ambayo ni nadra kuleta kikohozi. Amlodipini nayo huvimbisha miguu ya baadhi ya watu, hasa kwa dozi kubwa. Wengi huongezewa vidonge vya kukojoa, wakati uvimbe huo hausababishwi na maji kuzidi mwilini na hautulii sana kwa dawa hizo. Kupunguza dozi, au kuichanganya na dawa ya kundi la enalaprili au losatani, husaidia zaidi.

Upande wa pili ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kama peremende, hasa na wazee wenye magoti na viuno vinavyouma. Dawa hizi hupandisha presha na kudhoofisha nguvu ya dawa zake. Kliniki ikiona presha haishuki, huongeza dawa ya pili, kisha ya tatu. Dawa hizo za maumivu zikichanganywa na losatani na dawa ya kukojoa, figo nazo huingia hatarini. Mgonjwa akienda kliniki achukue kila anachomeza, pamoja na vya duka la dawa na vya miti shamba, akimwage mezani mbele ya daktari. Mara nyingi orodha hupungua papo hapo.

Kuhusu mahali pa kupata dawa, vituo vya umma hupaswa kuwa kimbilio la kwanza. Tanzania, Bohari ya Dawa hununua kwa wingi na kuvisambazia, na sera inawapa matibabu bila malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, maadamu wametambuliwa na serikali ya mtaa au kijiji. Mwenye bima aulize kwanza kama dawa aliyoandikiwa imo kwenye orodha ya mfuko wake, maana iliyo nje ya orodha atailipia mwenyewe hata kama ndugu yake wa jeneriki yumo. Kenya, mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima, NHIF, Oktoba 2024, na huduma za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Kwa anayeishi mbali, nauli ya kwenda kliniki kila mwezi inaweza kuzidi bei ya vidonge. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mgonjwa ambaye presha yake imetulia anaweza kuonwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Basi aombe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, azitunze ndani ya pakiti mahali pakavu pasipo joto.

Kuna njia moja ya kubana matumizi ambayo huua. Ni kumeza dawa siku kichwa kinapouma tu, kuruka siku ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, au kuacha kwa sababu kipimo kimesoma 120 kwa 80. Kipimo hicho kimesoma hivyo kwa sababu dawa inafanya kazi. Presha haina dalili kwa watu wengi, na dalili ya kwanza inaweza kuwa kiharusi. Gharama yake ni kulazwa, mazoezi ya viungo kwa miezi, na mtu wa familia kuacha kazi ili amhudumie mgonjwa. Figo zikifa, ni kusafishwa damu mara kadhaa kwa wiki. Mgonjwa aliyeishiwa fedha aseme wazi kliniki. Heri kushushiwa gharama ya dawa kuliko kukaa bila dawa.

Dozi yenyewe inaweza kupungua kwa njia halali. Chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mchuzi wa unga na vyakula vya pakiti, huzisaidia dawa kufanya kazi. Kupunguza uzito, kupunguza pombe na kutembea kwa miguu husaidia pia. Baada ya miezi ya vipimo vizuri vilivyoandikwa kwenye daftari, daktari anaweza kupunguza dawa moja na kuangalia. Hufanya hivyo hatua kwa hatua, hasa kwa atenololi na jamaa zake, kwa kuwa kuziacha ghafla huweza kuamsha maumivu ya moyo au mshtuko, na huendelea kupima presha katika majuma yanayofuata ili, ikianza kupanda, dozi irudishwe mapema.