Mlango wa Amerika umefungwa, na mlango wetu je?



Alhamisi iliyopita tulichelewa kuhesabu feza ya likelemba. Mama mmoja wa kikundi chetu, muuza ndagala, alifika macho mekundu. Kaka yake yuko Nyarugusu, Tanzania, tangu alipovuka ziwa akiwa kijana. Dosie yake ya kwenda Amerika ilikuwa karibu kwisha: walihojiwa, walipimwa na daktari, watoto walikwisha kuagana na wenzao. Kiisha redio ikasema kwamba kwa mwaka mzima wa kazi 2026 Amerika ingepokea wakimbizi 7,500 tu, na nafasi nyingi zingekuwa za weupe wa Afrika ya Kusini.

Wote tulikasirika. Mmoja akasema: “Wanatuona sisi kama wezi.” Mwingine akasema: “Hawajui mtu anakimbia nini.” Tulisema maneno mazito, na yalikuwa ya haki.

Kiisha mama prezidante akasoma jambo la pili la kikao. Mama Mrundi wa kambi ya Lusenda, anayeuza nyanya pembeni yetu sokoni, anaomba kuingia katika likelemba yetu. Mara maneno yakageuka. “Hao wanakula msaada wa HCR, wanatafuta nini tena kwetu?” “Siku moja watarudi kwao na feza yetu.” “Tukipokea mmoja, watakuja kumi.” Wakati wa kuinua mikono, mimi pia niliinua upande wa wale waliosema angoje.

Usiku nilikuwa nasahihisha kaye za wanafunzi, na kalamu ikasimama. Maneno tuliyoyakataa yakitoka Amerika, ndiyo tuliyoyasema wenyewe nusu saa baadaye. Ndiyo maana juma hili nawaandikia juu ya mambo ya wakimbizi, ili tujue sheria inasema nini na inchi zinafanya nini.

Mkimbizi na mwomba hifadhi

Watu wanachanganya maneno haya. Mwomba hifadhi ni mtu aliyefika katika inchi nyingine na kusema: “Nilindeni, kwetu kuna hatari.” Bado hajajibiwa. Ni kama mwanafunzi aliyemaliza Exetat na anangoja matokeo: huwezi kumwita amefaulu, lakini huwezi pia kumwita amekosa. Mkimbizi ni yule aliyekwisha kukubaliwa.

Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yanakataza kumrudisha mtu pale ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Yanasema pia kwamba mtoto mkimbizi atapata masomo ya msingi sawasawa na mtoto wa inchi. Mwaka 1969 inchi za Afrika ziliongeza mapatano yao: anayekimbia vita naye ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemtafuta kwa jina lake. Congo iko ndani ya mapatano yote mawili, na sheria yetu ya tarehe 16/10/2002 iliunda CNR, tume ya taifa inayoshughulikia wakimbizi.

Namna gani Amerika ilifunga

Kule, sheria ya mwaka 1980 inampa Rais uwezo wa kupanga kila mwaka hesabu ya wakimbizi watakaoletwa, baada ya kushauriana na wabunge. Ndiyo maana hesabu inapanda na kushuka kufuatana na anayetawala. Katika mwaka wa kazi uliokwisha mwezi wa 9, 2024, walipokea zaidi ya watu 100,000, na karibu 20,000 kati yao walikuwa Wakongo. Hakuna inchi nyingine iliyotoa wengi kuliko sisi.

Tarehe 20/01/2025, siku ile ile alipoapa, Rais Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango huo. Alisema inchi yake haiwezi kubeba watu wengi bila kuwapunguzia raia wake, na kwamba usalama ni wa kwanza. Wengine kule wanamjibu kwamba wakimbizi wanachunguzwa muda mrefu kabla ya kusafiri, na kwamba wakifika wanafanya kazi na kulipa kodi. Wakimbizi na mashirika walipeleka kesi mahakamani Seattle. Watu wengine waliokuwa wamekwisha kuuza vitanda na sufuria walibaki na masanduku mikononi.

Uingereza na Kigali

Mwezi wa 4, 2022, serikali ya Uingereza ilipatana na Rwanda. Watu wanaovuka bahari kwa mitumbwi ya mpira kuomba hifadhi Uingereza wangepakiwa ndege mpaka Kigali, na dosie zao zingeangaliwa huko. Sisi wa Kivu tulishangaa sana kusikia habari hiyo.

Tarehe 15/11/2023 mahakama kubwa ya Uingereza iliukataa mpango huo: waamuzi waliona kuna hatari watu warudishwe kutoka Rwanda mpaka kule walikokimbia. Wabunge wakapitisha sheria mpya ya kusema Rwanda ni salama. Mwezi wa 7, 2024, serikali mpya ilifuta mpango wote. Ikatangaza kwamba karibu paundi milioni 700 zilikwisha kutumika, na watu waliokwenda, tena kwa kupenda wenyewe, walikuwa wanne.

Wamama, sisi tunaohesabu franka za sabuni, tuhesabu na hii.

Jirani zetu

Watu wengi wanafikiri wakimbizi wote wanakwenda Ulaya. Sivyo. Wengi wanavuka mpaka mmoja tu. Uganda peke yake ina zaidi ya milioni 1.7, na Wakongo ni wengi kule Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja. Serikali yao inampa mkimbizi kipande cha shamba na ruhusa ya kufanya kazi na kutembea. Lakini msaada wa chakula umekatwa sana, na kipande cha shamba hakikui watoto wanapoongezeka. Tanzania imepokea watu wetu Nyarugusu tangu 1996, lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali.

Na Burundi? Mwaka 2015 Warundi walikimbia fujo za kwao, na Lusenda ikafunguliwa hapa Fizi. Mwezi wa 2, 2025, vita ilipotelemka baada ya Bukavu, zaidi ya Wakongo 60,000 walivuka Rusizi kwa majuma machache tu. Wengine walizama mtoni. Waliofika walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, katika inchi ya huyu mama tuliyemwambia angoje.

Na sisi?

Sisemi kwamba wasiwasi wetu ni uongo. Kambi ilipofika, kuni zilikuwa mbali zaidi, na shamba la kukodi likapanda bei. Mama anayetembea saa mbili kutafuta kuni ana haki ya kulalamika. Lakini alalamike kwa anayepanga mambo: chefferie, CNR, HCR, mashirika. Muuza nyanya hakuchora mpaka wa kambi.

Na juu ya likelemba, tuna kanuni zetu. Kila anayeingia anatafuta wamama wawili wa kumdhamini, na mwaka wa kwanza hapokei zamu ya kwanza. Hata mimi niliingia hivyo, nilipofika hapa nikifuata mume wangu, bila kujulikana. Nauliza swali moja: tulimkataa kwa kanuni, ao tulimkataa kwa sababu ni Mrundi? Kama ni kanuni, tumsomee kanuni. Kama ni ile nyingine, basi tusimlaumu tena Rais wa Amerika.

Mambo ya kushika

Kwanza: HCR haiuzi dosie. Fomu, mahojiano na nafasi ya safari havilipwi. Kuna mtu alipita katika avenyu zetu akiomba dolari 50 ili “asukume” majina. Binamu yangu aliuza mbuzi wawili, akatoa, na mtu yule haonekani tena. Mkisikia vile, ulizeni kwanza katika ofisi yenyewe.

Pili: kama ndugu yako yuko kambini na safari imesimama, mwambie asiache masomo ya watoto wala shamba kwa kungoja ndege. Asitupe karatasi hata moja, na kila mtoto anayezaliwa aandikishwe pale pale.

Tatu: hapa kwetu, kuandikisha mtoto katika siku 90 za kwanza hakulipwi. Tusingoje. Siku ya kukimbia, karatasi ya kuzaliwa ndiyo inasema mtoto ni wa nani na ametoka wapi.

Nne: mtoto mkimbizi akija shuleni, ana haki ya benchi. Katika darasa langu wako watatu. Mmoja anawashinda wote kwa hesabu, na watoto wenu wanakaa karibu naye wakati wa mazoezi. Watoto hawakuuliza anatoka wapi; waliuliza kama anajua kugawanya.

Alhamisi ijayo nimemwomba mama prezidante arudishe lile jambo la pili mbele ya kikao. Sijui wengine mtainua mikono upande gani. Kila mmoja ana akili yake na feza yake. Wangu nitauinua upande mwingine, na nitakuwa mdhamini wa kwanza. Anatafutwa wa pili.