Udongo wa Bagira na afya ya nyayo zetu

Kuanzia Septemba hadi Mei, Bagira hutembea juu ya tope. Mwanafunzi anayeshuka kwenda shule, motari anayesukuma pikipiki iliyokwama, mama anayetoka upande wa Kasha na mzigo wa mboga mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso: wote hufika waendako miguu ikiwa imekwisha kupata rangi ya udongo. Jioni tope linakauka, linakung'utwa, viatu vinaachwa mlangoni na mtu analala. Magonjwa mengi ya miguu tunayoyahudumia yanaanzia hapo, kwenye miguu iliyolala bila sabuni na bila mwenyewe kuitazama. Na wengi hutujia baada ya miezi, wengine baada ya miaka, kwa kuwa mguu ukiuma kidogo bado unakwenda sokoni, na unaokwenda sokoni huhesabiwa kuwa mzima.

Tuanze na dogo linalowapata karibu wote wanaovaa bote za mvua. Tenganisha kidole kidogo cha mguu na jirani yake, utazame katikati. Ngozi ikiwa nyeupe, imelowa, inamenyeka, inawasha na kunuka, huo ni ukungu, fangasi, wengi hapa wanasema shampinyo. Ukungu unapenda joto, giza na unyevu, na ndani ya bote ya plastiki iliyovaliwa tangu asubuhi unavipata vyote vitatu. Dawa yake haina siri. Osha miguu kwa maji na sabuni, kausha kwa kitambaa safi kidole kwa kidole, kisha paka krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku. Kosa la kawaida ni kuacha dawa siku muwasho unapokwisha. Ukungu bado umo ndani ya ngozi. Endelea kupaka kwa wiki mbili nyingine baada ya ngozi kuonekana imepona. Badilisha soksi kila siku, na bote uzipindue juani zikauke hadi kwenye ncha.

Kuna tyubu zinazouzwa madukani zenye dawa mbili au tatu kwa pamoja, na mojawapo huwa ni steroidi kali kama betametazoni au klobetazoli. Ni familia ileile ya dawa inayotiwa katika mafuta ya kuchubua ngozi. Muwasho unatulia siku ya kwanza, mgonjwa anafurahi, nao ukungu unaendelea kutambaa chini kwa chini hadi unapanda juu ya wayo, ukiwa umebadilika sura kiasi kwamba hata muuguzi anapata shida kuutambua. Ukinunua dawa ya ukungu, mwombe mwenye farmasi akusomee maandishi ya boksi, ukatae ile yenye mchanganyiko huo. Na usiudharau ufa mdogo ulioko kati ya vidole. Bakteria hupitia hapo, na mguu mzima unaweza kuvimba, ukawa wa moto na kuleta homa katika siku mbili. Hapo si suala la krimu tena, ni suala la antibiotiki na kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ukungu ukiingia kwenye kucha, kucha inakuwa nene, ya njano, inavunjikavunjika. Krimu haipenyi huko. Inahitajika dawa ya kumeza, kama terbinafini, kwa muda wa wiki 12 hivi, na daktari anapaswa kwanza kujua hali ya ini lako. Kama kucha haikuumi wala huna ugonjwa wa sukari, unaweza pia kuamua kuishi nayo.

Magaga ya visigino yanawasumbua zaidi akina mama, hasa Juni hadi Agosti vumbi linapochukua nafasi ya tope. Ngozi nene na kavu inapobeba uzito, inapasuka. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe la volkeno lenye matundu, kausha, kisha paka vazelini au mafuta ya mawese na uvae soksi usiku. Ikipatikana, krimu ya urea ni bora zaidi. Wembe usiuguse kabisa. Sugu na magaga yaliyochongwa kwa wembe ndiyo yanayotuletea vidonda. Kucha nazo zikatwe moja kwa moja, bila kuzungushia pembeni, kwani pembe iliyokatwa ndani sana huota kuelekea nyamani, na kiatu kinachobana humalizia kazi.

Maumivu ya kisigino asubuhi yanastahili neno lake, kwa sababu mji huu unabebwa na migongo ya wanawake. Ukiamka, hatua za kwanza zinachoma chini ya kisigino kama umekanyaga msumari, kisha maumivu yanapungua ukitembea, jioni yanarudi. Utando mgumu unaoshikilia upinde wa wayo umechoka kwa uzito na kwa kandambili nyembamba zisizo na egemeo. Kabla ya kutoka kitandani vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mara kadhaa. Mchana simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini, uegemee mbele hadi msuli wa nyuma ya mguu, chini ya goti, uvutike. Vaa kiatu chenye soli nene hata ndani ya nyumba. Wengi hupona katika mwaka mmoja bila sindano wala upasuaji. Ninajua kwamba kumwambia mbeba mizigo apunguze mzigo ni kumwambia apunguze chakula cha watoto, kwa hiyo nasema hivi: ugawe mzigo mara mbili pale inapowezekana, na fedha ya kwanza inayobaki inunue viatu.

Funza watu wanawajua, ila wachache wanajua kwamba ni wageni katika bara hili. Inasimuliwa katika historia ya tiba kwamba waliletwa na meli iliyoitwa Thomas Mitchell, iliyotoka Brazili na kutia nanga Ambriz, Angola, mwaka 1872. Wakafuata njia za misafara na nyayo za wapagazi, na kabla ya karne hiyo kwisha walikuwa wamelivuka bara hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Jike hujichimbia kwenye ngozi, pembeni ya kucha au chini ya kisigino, na katika wiki mbili hivi anavimba hadi ukubwa wa punje ya kunde, na kidoti cheusi katikati. Ukimkuta, usichokoe kwa pini ya nguo inayopita kwa watoto wote wa nyumba. Pini hiyo inaweza kusambaza homa ya ini ya aina ya B, hata virusi vya UKIMWI, na shimo linalobaki ni mlango wa pepopunda. Mafuta ya taa na dawa za kuulia wadudu shambani huunguza ngozi. Dawa nzuri inayojulikana leo ni dimetikoni, mafuta mepesi yanayoziba tundu analopumulia funza naye anafia ndani. Isipopatikana, muuguzi amtoe kwa sindano mpya, asafishe kidonda, aulize chanjo ya pepopunda. Kisha geukia nyumba: sakafu ya vumbi inyunyiziwe maji na kufagiliwa, na mbwa, nguruwe na mbuzi wasilale chumba kimoja na watoto.

Sasa nifike kwenye ugonjwa unaoniuma kuliko yote, kwa sababu unazuilika kabisa nao unawafungia watu ndani. Mguu unavimba polepole kuanzia vidoleni, unapanda hadi chini ya goti, ngozi inakuwa ngumu na kuota vinundu. Familia inasema, «Dokta, hii si ugonjwa ya hospitali, walimtegea dawa njiani.» Mgonjwa anaacha kwenda kanisani, binti anakosa mchumba, na fedha zinakwisha kwa waganga. Wengine, waliosoma kidogo, wanasema ni matende ya mbu.

Mara nyingi huku milimani kisababishi ni udongo. Ugonjwa unaitwa podokoniosi, na ng'ambo ya Ziwa Kivu, Rwanda, wanauita imidido. Aliyeufafanua vizuri ni daktari Mwingereza Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia na kuona kwamba wagonjwa wake ni watembea peku wa nyanda za juu zenye udongo mwekundu uliotokana na mawe ya volkeno. Chembe ndogo sana za madini hupenya ngozi ya wayo, zinaingia katika mishipa ya limfu inayokusanya maji ya mwilini, zinaiwasha na kuikaza mwaka baada ya mwaka, hadi maji hayapandi tena. Hutokea hasa penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 na mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bagira iko juu yake. Mwaka 2017 Rwanda ilifanya uchunguzi wa nchi nzima na kuwakuta wagonjwa katika wilaya zote 30, na kiwango cha juu kabisa kilikuwa Nyamasheke, wilaya inayotazamana nasi kwenye maji haya haya.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mke hampi mume, wala mtoto haupati kwa kulala kitanda kimoja na bibi yake. Unaonekana kufuata ukoo kwa sababu ngozi na damu za baadhi ya familia hurithi wepesi wa kuudhurika na chembe hizo, na kwa sababu watu wa ukoo mmoja hulima shamba moja bila viatu. Ndiyo maana wengi wamedhani ni laana.

Dalili za mwanzo ndizo za kukamatwa. Juu ya wayo panawasha, panaunguza usiku, mguu unavimba baada ya kazi na kupungua ukilala. Jaribu kufinya ngozi iliyo juu ya shina la kidole cha pili, uiinue kwa vidole vyako viwili. Kwa mguu mzima inainuka. Isipoinuka, limfu imeanza kukwama. Matende ya mbu kwa kawaida huanzia juu zaidi, huhusisha kinena, na kwa wanaume mara nyingi huleta busha. Haya ya udongo huanza wayoni na kwa kawaida hushika miguu yote miwili.

Tiba yake inafanyika nyumbani, na inahitaji moyo kuliko fedha. Kila jioni weka maji kwenye ndobo, muuguzi atakuonyesha kipimo cha javeli cha kutia ili isiunguze. Loweka mguu, osha kwa sabuni katika kila mkunjo, kausha taratibu, paka mafuta, na marhamu ya Whitfield kati ya vidole kama kuna ukungu. Funga bendeji kuanzia vidoleni kupanda juu, inua mguu ukikaa, na ukitoka nje vaa soksi na kiatu kilichofungwa. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Ethiopia na kuchapishwa 2018, kwa wagonjwa karibu 700, ulionyesha kwamba huduma hii nyepesi inapunguza mashambulizi ya homa na maumivu ambayo humlaza mgonjwa kitandani kwa siku kadhaa. Uvimbe wa mwanzo unaweza kuisha kabisa. Ule wa miaka mingi unapungua, na harufu, inayomwaibisha mtu kuliko uvimbe wenyewe, huondoka katika wiki chache. Najua bomba likikauka bidoni moja ya maji ni ya kupikia kwanza. Maji ya kuoshea mguu hayahitaji kuwa mengi. Lita chache zinatosha, na baada ya hapo zinamwagiwa mboga ikiwa hazina javeli.

Mtoto anayevaa viatu tangu anapoanza kutembea hataupata ugonjwa huu. Hakuna chanjo ninayoijua iliyo rahisi kiasi hicho. Wakati wa kununua kitenge cha sikukuu, nawaomba wazazi wahesabu kwanza jozi za viatu.

Mwenye ugonjwa wa sukari namwomba asome sehemu hii pole pole. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya nyayo. Mtu anakaa karibu na mbabula akiota moto, kisigino kinaungua, naye hana habari hadi mjukuu aseme, «Nyanya, mguu wako unanuka moshi.» Kokoto inakaa ndani ya kiatu siku nzima. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa, kwani hakuna kinachomsukuma mgonjwa kuja.

Kuna kipimo cha dakika moja kisichohitaji chombo chochote. Mgonjwa afumbe macho. Mtu wa nyumbani aguse kwa ncha ya kidole, taratibu, bila kukandamiza, kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, jumla vidole sita, na mgonjwa aseme kila anapohisi. Akikosa viwili au zaidi, miguu yake imepoteza hisia na anapaswa kuangaliwa kituoni. Kuanzia siku hiyo hatembei peku hata chumbani, anakung'uta kiatu kabla ya kuvaa, hapashi miguu moto kwa mbabula wala kwa chupa ya maji ya moto, na kila usiku anatazama nyayo zake kwa kioo kidogo au anaomba mtu amtazamie. Malengelenge, rangi nyeusi, usaha unaotoka, joto la upande mmoja: kesho asubuhi awe kituoni, asingoje Jumatatu.

Na ukiona kwenye mguu au mwilini doa lililopauka au jekundu lisilohisi unapoligusa kwa pamba, kwa mtu asiye na sukari, fikiria ukoma. Bado upo Kongo. Dawa zake hutolewa bure, zinamezwa kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa hupona. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu kabla vidole havijakunjika, umwambie muuguzi waziwazi kwamba doa hilo halihisi.