Shujaa wa kike mweusi katika filamu za katuni: kwa nini alichelewa kuonekana

Na Mwandishi Wetu

Lugha ya Kiswahili iliingia katika filamu kubwa za katuni kabla ya wasemaji wake. Mwaka 1994, kampuni ya Disney ya Marekani ilipotoa filamu ya The Lion King, mtazamaji wa Afrika Mashariki aliweza kuyatambua mara moja majina ya Simba, Rafiki na Sarabi. Hata hivyo, katika Afrika yote iliyochorwa humo hapakuwa na binadamu hata mmoja.

Wahusika wa kike walikuwamo, tena si dhaifu. Nala ndiye anayemkuta Simba akistarehe msituni na kumhimiza arudi kwao. Lakini mwigizaji mweusi mashuhuri, Whoopi Goldberg, alipewa kumtilia sauti fisi jike aitwaye Shenzi. Kwa mtoto wa Marekani hilo lilikuwa jina tu. Mtoto wa Lushoto alilijua kuwa ni tusi.

Wanyama wanaosema si jambo geni kwetu. Sungura na fisi wamekesha nasi katika ngano tangu zamani. Tofauti ni kwamba katika ngano hizo wanadamu nao wamo, akiwamo yule binti aliyefungiwa ndani ya ngoma ya zimwi akaokolewa na sauti yake mwenyewe ya kuimba. Aliyeichora Afrika kwa ajili ya sinema aliwachukua wanyama, akamwacha binti.

Disney ilimpata binti wa kifalme wa kwanza mweusi mwaka 2009, katika filamu ya The Princess and the Frog, miaka 72 baada ya Snow White. Huyo ni Tiana, mhudumu wa hoteli mjini New Orleans anayedunduliza fedha ili afungue mgahawa wake. Ni mhusika wa kupendeza: mchapakazi, mwenye msimamo, asiyengoja kuolewa ndipo maisha yaanze. Bahati mbaya, anageuzwa chura mapema, na sehemu kubwa ya filamu tunamwona akirukaruka kinamasini akiwa na ngozi ya kijani. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2015, katika filamu ya Home ya kampuni ya DreamWorks, kumpata Tip, msichana mweusi aliyetiliwa sauti na mwanamuziki Rihanna, ambaye anabaki binadamu tangu mwanzo hadi mwisho.

Ipo pia sababu ya kiufundi, ingawa mwandishi wa makala haya haioni kuwa ndiyo kubwa. Katika katuni za kompyuta, unywele haujiendei wenyewe. Programu hukokotoa jinsi utakavyoyumba, utakavyojikunja na utakavyogusana na mwenzake. Kampuni ya Pixar ililazimika kuunda programu mpya kwa ajili ya nywele za mawimbi za Merida, msichana wa Scotland katika filamu ya Brave ya mwaka 2012. Ikiwa nywele hizo zilihitaji kazi yote hiyo, nywele za kipilipili zilihitaji mtu wa kuamua kwanza kwamba zinastahili gharama. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na kompyuta.

Kinachopotea si picha peke yake. Katika milima ya Usambara, hapo Kifungilo, masista wa Kijerumani waliendesha enzi za ukoloni kituo cha kulelea watoto yatima na chotara. Mmoja wa waliolelewa hapo, Maria Nhambu, aliyehamia Marekani baadaye, ameyasimulia maisha hayo katika kitabu chake cha mwaka 2016, Africa's Child. Akiwa mtoto mpweke alijibunia rafiki wa ndani ya moyo, Mary Mnene, wa kuongea naye na kumtia nguvu. Asiyechorewa shujaa wa kufanana naye ilimpasa amchore mwenyewe, bila karatasi.

Leo kazi hiyo ina watu wake, na baadhi yao wako hapa nchini. Taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, ilimleta baadaye Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Julai 2023 yalifuata mambo mawili kwa mpigo: Supa Team 4, simulizi ya wasichana wanne wa Lusaka iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, na mkusanyo wa filamu fupi 10 uitwao Kizazi Moto, ambamo Ng'endo Mukii wa Kenya alileta Enkai, binti mwenye nguvu za uumbaji.

Kati ya hao wote, Akili ndiye asiye na silaha wala miujiza ya vitani. Akilala huingia katika nchi ya ndoto, na huko, pamoja na marafiki zake wanyama, hujifunza kuhesabu, herufi na kuzitambua hisia zake. Wanyama wamerudi, lakini safari hii wamemzunguka msichana, naye ndiye anayeuliza maswali. Vipindi vyake vimetafsiriwa pia kwa lugha nyingine za Afrika, zikiwamo Kinyarwanda na Kihausa. Jina lake halihitaji kufasiriwa kwa mtoto wa Lushoto, na, tofauti na lile la fisi, hakuna mzazi atakayeona haya kumwita nalo binti yake.